Umbo la Wengi, Sahihi ya Mmoja: Msalaba wa Shaba, Picha za Ukumbusho na Swali la Leseni katika Ukanda wa Lualaba

1. Utangulizi

Programu ya kompyuta humfikia mtumiaji ikiwa imejaa picha ndogo ndogo ziitwazo ikoni: mkasi wa kukata maneno, bahasha ya barua, kikapu cha takataka. Katika programu huria, yaani zile ambazo yeyote anaruhusiwa kuusoma msimbo wake, kuurekebisha na kuusambaza, picha hizo hutakiwa kutimiza masharti mawili. Kwanza, zitambulike mara moja hata zikiwa na ukubwa wa ukucha. Pili, ziambatane na leseni, yaani maandishi yanayoeleza ni nani anayeruhusiwa kuzinakili, kuzibadili na kuzigawa, na kwa masharti gani. Sharti la kwanza ni la ufundi. La pili ni la sheria, na mara nyingi hudhaniwa kuwa suala geni lililozaliwa Ulaya na Marekani pamoja na kompyuta zenyewe.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba swali la nani mwenye picha inayonakiliwa na wote lina historia ndefu katika ukanda wa shaba wa Katanga, kuanzia Lubumbashi na Likasi hadi Kolwezi, na kwamba historia hiyo ina jambo la kumfunza mchoraji wa ikoni wa leo. Mifano miwili itachunguzwa: msalaba wa shaba uliosubiwa kwa karne nyingi, na picha za ukumbusho zilizochorwa katika miji ya migodi miaka ya 1960 na 1970. Hoja inayotetewa ni kwamba mafundi wa ukanda huu hawakuhesabu kunakili umbo kuwa wizi. Hasara ilianza pale uzi unaoiunganisha picha na aliyeitengeneza ulipokatika, na pasiwe na neno lolote lililoachwa la kumwongoza aliyeipokea.

2. Msalaba wa shaba

Kabla mji wa Kolwezi haujaanzishwa mwaka 1937 kwa ajili ya migodi ya magharibi ya kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, watu wa bonde la Lualaba ya juu walikuwa wamekwisha kuyeyusha shaba kwa karne nyingi. Jiwe la kijani la malakiti lilichimbwa vilimani na kuchomwa kwa makaa katika matanuri madogo yaliyojengwa kwa udongo wa vichuguu na kupulizwa kwa mivukuto ya ngozi. Shaba iliyosafishwa ilimiminwa katika kalibu, na mojawapo ya maumbo yaliyotoka humo lilikuwa msalaba wenye mikono minne, ambao watafiti wameuandika kwa jina la handa.

Ushahidi mzuri wa umri wa umbo hilo umetoka katika makaburi ya Sanga, kando ya ziwa Kisale, yaliyofukuliwa kwa mara ya kwanza na wanaakiolojia mwaka 1957 na 1958, kisha yakafanyiwa kazi tena na Pierre de Maret katika miaka ya 1970. Humo misalaba ilizikwa pamoja na wafu. Ile ya zamani ilikuwa mikubwa na michache. Kadiri karne zilivyosonga, misalaba ilipungua ukubwa, ikaongezeka idadi, na ikazidi kufanana. De Maret aliyatafsiri mabadiliko hayo kuwa ni safari ya kitu kutoka katika hazina ya wenye heshima hadi kuwa fedha ya kubadilishana.

Kwa mtazamo wa makala haya, jambo la kuzingatiwa ni huko kufanana. Fedha haibuniwi upya kila inapotengenezwa. Thamani yake imo katika kutambulikana. Fundi aliyesubu handa hakutafuta kuwa na umbo lake peke yake, wala hakuweza kumlaumu jirani kwa kusubu umbo lile lile. Macho ya wote yaliujua msalaba na mikono ya wote iliweza kuumiliki. Kilicholindwa kilikuwa kazi ya tanuri. Jean-Félix de Hemptinne, kiongozi wa Kanisa Katoliki Katanga, aliyachapisha maelezo ya kazi hiyo mwaka 1926 katika andiko aliloliita Les mangeurs de cuivre du Katanga, maana yake “walaji wa shaba wa Katanga”. Maelezo hayo yanaonyesha kazi ya msimu wa kiangazi iliyokuwa na viongozi wake, miiko yake na taratibu za kumwingiza mtu katika chama cha mafundi. Kwa maneno mengine, ruhusa ilikuwapo, ingawa haikuandikwa. Aliyetaka kutengeneza alipitia kwa wanaojua, na hivyo umbo lilisafiri pamoja na watu wake.

3. Dola inapoitwaa alama

Tarehe 11 Julai 1960 Moïse Tshombe alitangaza kujitenga kwa Katanga na Jamhuri ya Kongo iliyokuwa imepata uhuru siku 11 tu kabla. Dola hiyo mpya ilihitaji alama haraka, nayo ikaipata. Juu ya bendera yake iliwekwa misalaba mitatu ya rangi ya shaba. Sarafu zake za mwaka 1961 zilikuwa na msalaba huo upande mmoja na ndizi upande wa pili. Kitu kilichokuwa fedha chenyewe sasa kikawa picha iliyochorwa juu ya fedha.

Uteuzi huo ulikuwa wa kiustadi. Msalaba ulitambulika kwa mbali, ulichorwa kwa mistari michache, na ulitaja madini ambayo utajiri wa jimbo ulitegemea. Sifa hizo ndizo zile zile ambazo leo hutakiwa katika ikoni. Lakini alama ilibeba pia dai, kwamba historia ya shaba ni historia ya dola hiyo. Ugumu ulikuwa hapo. Makaburi ya Sanga, yaliyotoa misalaba ya kale, yamo katika nchi ya Waluba wa kaskazini mwa Katanga, na chama cha Balubakat kilichoongozwa na Jason Sendwe kilipinga kujitenga huko kwa nguvu. Kwa hiyo miongoni mwa watu waliokuwa na haki kubwa ya kuuita msalaba urithi wao, wengi waliuona ukipepea juu ya majeshi waliyopigana nayo.

Kujitenga kulikoma Januari 1963, lakini msalaba haukurudi ulikotoka. Tangu hapo umbo hilo limebeba maana mbili, ile ya mafundi na ile ya siasa, na anayelichora hawezi kuchagua moja na kuisahau nyingine. Tukio hili linadhihirisha kwamba umbo lisilo na mwenyewe anayejulikana huwa rahisi kutwaliwa na mwenye nguvu. Uhuru wa kunakili haukuwa tatizo. Lililokosekana ni kumbukumbu ya wazi, iliyoambatana na alama yenyewe, ya watu walioitengeneza na kwa nini.

4. Picha za ukumbusho

Mfano wa pili ni wa watu waliojulikana kwa majina. Baada ya uhuru, na hasa baada ya Union Minière kutaifishwa mwaka 1967 na mali zake kupewa shirika la serikali lililokuja kuitwa Gécamines, miji ya ukanda wa shaba ilikuwa na wafanyakazi wenye mshahara, nyumba za kampuni na sebule zenye kuta tupu. Wachoraji wengi wao wakiwa wamejifunza wenyewe waliziona kuta hizo. Walichora juu ya vitambaa vya magunia ya unga vilivyopakwa rangi nyeupe, wakavitundika katika fremu za mbao, wakavitembeza mitaani.

Ilona Szombati-Fabian na Johannes Fabian, waliozichunguza picha hizo wakati Fabian alipokuwa akifundisha katika Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire mjini Lubumbashi, waliona kwamba hazikuwa nyingi kwa mada ingawa zilikuwa nyingi kwa idadi. Kulikuwa na kijiji cha mababu, misafara ya watumwa iliyoongozwa na Waarabu, mamba muntu, yaani mwanamke mwenye mkia wa samaki, na picha iliyojulikana kwa jina la Kifaransa, Colonie belge. Hii ya mwisho ilionyesha gereza au kituo cha serikali ya kikoloni: bendera ya Ubelgiji, ofisa mzungu anayetazama, askari mweusi aliyeinua kiboko, na mfungwa aliyelazwa chini akipigwa. Mchoraji mmoja aliongeza wanawake waliobeba chakula, mwingine wafungwa wakifanya kazi, lakini mtazamaji hakuhitaji maelezo. Aliitambua picha kabla ya kuisoma.

Neno ambalo wachoraji na wanunuzi walilitumia kueleza kazi ya picha hizi ni ukumbusho. Katika Kiswahili sanifu neno hili hutaja kitu kinachowekwa ili jambo lisisahaulike. Katika Kiswahili cha Katanga lilibeba maana hiyo na zaidi ya hiyo: ukumbusho ni picha yenye uwezo wa kuamsha mazungumzo, ya kumfanya mwenye nyumba amweleze mgeni yaliyompata yeye, baba yake au mji wake. Kwa kuwa thamani ilikuwa katika kuamsha kumbukumbu ya pamoja, picha mpya kabisa isiyofanana na nyingine ingekuwa na kasoro. Mnunuzi alitaka Colonie belge, naye alitaka iwe Colonie belge kweli.

Hapa utaratibu wa haki unajitokeza kwa uwazi. Mada ilikuwa mali ya wote. Mchoraji aliweza kuitazama kazi ya mwenzake, kuirudia, kuongeza au kupunguza kulingana na matakwa ya mnunuzi. Lakini kitambaa kilichokamilika kilitiwa sahihi. Sahihi haikudai kwamba mchoraji amebuni kiboko wala bendera. Ilidai kwamba mkono huu ndio ulioisimulia habari hii safari hii. Umbo la wengi na sahihi ya mmoja viliishi katika fremu moja bila ugomvi.

5. Tshibumba Kanda Matulu

Mchoraji aliyeufikisha utaratibu huo kwenye kikomo chake ni Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa mwaka 1947 katika mji uliokuwa ukiitwa Élisabethville, sasa Lubumbashi. Tshibumba alichora mada za kawaida kama wenzake, lakini alijiona pia kuwa mwanahistoria. Katika miaka ya 1973 na 1974 alimchorea Fabian mfululizo wa picha 101 zilizosimulia historia ya nchi kuanzia nyakati za mababu hadi utawala wa Mobutu, na akaieleza kila picha katika mazungumzo ya Kiswahili yaliyorekodiwa. Masimulizi hayo, pamoja na picha, yalichapishwa kwa Kiingereza mwaka 1996 katika kitabu Remembering the Present, na ukurasa wa jina la kitabu unamtaja Tshibumba kuwa mwenye masimulizi na picha. Picha zenyewe baadaye ziliingia katika mikusanyo ya jumba la makumbusho la Tropenmuseum mjini Amsterdam.

Yafaa kuzipima pande mbili za tukio hilo. Kwa upande mmoja, uzi haukukatika. Jina limehifadhiwa, sauti imehifadhiwa, na msomaji anaweza kutofautisha maneno ya mchoraji na maneno ya mtafiti. Wachoraji wengi wa wakati wake hawakupata bahati hiyo, na vitambaa vyao vimesalia katika mikusanyo ya ughaibuni vikiwa na jina la mji tu au bila jina lolote. Kwa upande mwingine, Tshibumba hajulikani alipo tangu mwanzo wa miaka ya 1980. Picha yake ya kifo cha Lumumba, yenye misalaba mitatu kilimani kama ile ya Kalvari, imezunguka katika vitabu na maonyesho. Mchoraji aliyeuza kitambaa kwa bei ya sebule ya mfanyakazi hakuacha maandishi ya kusema iwapo kuuza kitambaa kulimaanisha pia kuuza haki ya kukichapisha.

6. Sheria na pengo lake

Sheria ya Kongo kuhusu jambo hili ni Amri yenye nguvu ya sheria namba 86-033 ya tarehe 5 Aprili 1986, inayolinda haki za watunzi pamoja na haki zinazopakana nazo. Kama sheria nyingi za aina yake, inatofautisha kitu na haki iliyomo katika kitu: anayenunua kitambaa hawi kwa kununua huko mwenye haki ya kukizalisha. Inampa mtunzi ulinzi maisha yake yote, na warithi wake kwa miaka 50 baada ya kifo chake. Hailindi wazo tupu. Inalinda namna wazo lilivyotekelezwa.

Kanuni ya mwisho inapatana vizuri na desturi ya wachoraji wa ukumbusho. Mada ya Colonie belge ni wazo, nayo ni ya wote. Colonie belge ya mchoraji fulani, yenye mpangilio wake, ni kazi yake. Mgongano unatokea katika hesabu ya miaka. Sheria inahesabu kuanzia kifo cha mtunzi, ilhali kwa mtu aliyetoweka hesabu hiyo haina mahali pa kuanzia. Wahariri, walimu na wachoraji wa leo wanaotaka kuitumia picha ya mtu huyo kwa nia njema hawana wa kumwomba. Baadhi huacha kabisa, na kazi ikasahaulika. Wengine huitumia bila kuuliza, na familia isipate kitu. Njia zote mbili zinaudhuru ukumbusho.

Ni wazi kwamba pengo hili halikuletwa na uchoyo wa mtu mmoja. Ruhusa katika ukanda wa shaba ilikaa katika uso kwa uso: katika chama cha mafundi, katika mtaa, katika maelewano kati ya mchoraji na mnunuzi. Ruhusa ya namna hiyo hufanya kazi maadamu watu wanaonana. Picha ikivuka bahari, ruhusa inabaki nyumbani.

7. Leseni ya ikoni

Waandishi wa programu huria walikabiliwa na hali inayofanana na hiyo, ingawa kwa sababu nyingine. Walitaka kazi yao inakiliwe na watu wasioonana nao kamwe. Suluhisho lao lilikuwa kuiandika ruhusa na kuifunga pamoja na kazi. Leseni ya GPL ilitolewa mwaka 1989 kwa ajili ya msimbo. Leseni za Creative Commons zilifuata mwaka 2002 kwa ajili ya maandishi, muziki na picha. Mojawapo kati ya hizo humruhusu kila mtu kunakili na kubadili kwa masharti mawili: amtaje mtunzi, na atakachokitengeneza kutokana na kazi hiyo kiachwe huru kwa masharti yale yale. Ni ruhusa ya namna hiyo iliyowawezesha wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kuitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili, mwaka 2004 bila kuomba kibali kipya kwa kila neno walilolitafsiri.

Kwa upande wa picha, mfano unaofaa ni mradi wa Tango, ulioanzishwa mwaka 2005 ili programu huria mbalimbali ziwe na ikoni za mtindo mmoja. Ikoni zake zilitolewa kwanza kwa leseni ya Creative Commons. Masharti yake hayakuoana vizuri na yale ya GPL, na mwaka 2009 ziliachwa kuwa mali ya umma bila sharti lolote. Badiliko la namna hiyo huhitaji ridhaa ya wenye haki, na ridhaa haiombwi kwa mtu asiyejulikana. Hivyo hata mradi unaotaka kuziachilia picha zake kabisa hulazimika kwanza kuwajua waliozichora. Uhuru wa umbo unategemea kumbukumbu ya sahihi.

Kutokana na yaliyotangulia, inawezekana kueleza jinsi mchoraji wa Kolwezi au Lubumbashi anavyoweza kuandaa ikoni ya handa kwa ajili ya programu huria. Umbo la msalaba ni la kale na hakuna wa kulizuia. Lakini picha ya msalaba iliyopigwa na jumba la makumbusho inaweza kuwa na mwenyewe, na kuifuatisha mstari kwa mstari ni kunakili kazi yake; michoro ya sarafu za 1961 nayo inabeba siasa ya wakati wake. Njia iliyo salama ni kuchora upya kwa mkono, kwa kutazama misalaba kadhaa na kushika kile kilicho cha wote. Mchoro uhifadhiwe katika faili ya mistari inayoweza kurekebishwa, sio katika picha bapa peke yake, kwa sababu asiyeweza kuibadili kazi hajapewa uhuru wake. Ujaribiwe katika ukubwa mdogo, nukta 16 kwa 16, ili ijulikane kama mikono minne bado inaonekana. Jina la mchoraji, mwaka na leseni viandikwe ndani ya faili yenyewe na pia katika waraka unaoambatana nayo. Mwishoni iongezwe sentensi moja inayosema umbo hili ni la nani na lilitumiwaje. Sheria haidai sentensi hiyo ya mwisho. Historia ya Lualaba ndiyo inayoidai.

Hali kadhalika kwa anayetaka ikoni itokanayo na Colonie belge. Mada anaweza kuichukua, kama wachoraji walivyoichukua kutoka kwa wenzao. Kitambaa cha Tshibumba hawezi kukipunguza na kukiita ikoni yake, hata kama hakuna wa kumshtaki.

8. Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba katika ukanda wa shaba umbo lililotambulika na wote lilikuwa huru, na kwamba ufundi na sahihi vilikuwa na wenyewe. Msalaba ulipoteza watu wake ulipogeuzwa alama ya dola. Picha za ukumbusho zilipoteza wengi wa wachoraji wake zilipovuka bahari bila maandishi. Leseni ya programu huria, inayoonekana kuwa jambo la kigeni, inaandika kwa maneno machache kile ambacho chama cha mafundi na mtaa wa wachoraji vilikisema kwa mdomo: chukua, tengeneza, lakini usifiche ulikotoa.

Kazi inayobaki ni ya vyuo na majumba ya makumbusho. Wazee waliozitundika picha hizo sebuleni wanapungua kila mwaka, na wao ndio wanaoweza kusema kitambaa kisicho na jina kilitoka mkononi mwa nani. Kuwauliza sasa, kwa Kiswahili chao wenyewe, na kuyaandika majibu pembeni mwa kila picha, ni hatua ya kwanza ya kumrudishia mchoraji haki ya kuruhusu.